Saa ya Kuinuka Mezani



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungojea karibu na mlango wa sakristia mpaka watu wote walipokwisha kutawanyika. Mwanawe anaishi Marekani, na kwa njia ya simu alikuwa amemweleza kwa furaha kwamba usiku mmoja, katika mchezo wa karata uitwao poka, ameshinda dola 1,100, na kwamba Ijumaa atakwenda tena. Sehemu ya fedha hizo imekwisha kufika nyumbani, nazo zimenunua mabati. Mama huyo hakutuuliza kama jambo hilo ni dhambi. Aliuliza swali gumu zaidi: "Padre, yeye anasema anashinda. Mtu anayeshinda atajuaje kwamba sasa basi?"

Hatukumjibu vizuri. Tulisema maneno mawili matatu juu ya tamaa, tukamtakia heri, tukaingia ndani kuvua mavazi. Lakini swali lake limetufuata juma zima, kwa sababu sisi tuandikao ukurasa huu tuliwahi kuketi kwenye meza ya namna hiyo, tukashinda, wala hatukuinuka. Leo tunapenda kumjibu mama huyo kwa kuanza na habari zetu wenyewe, ingawa si habari za kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa masomoni Marekani, katika mji mdogo wa jimbo la Illinois. Kila Alhamisi jioni wazee watano sita wa parokia ile walikutana jikoni kwa mmoja wao, fundi wa reli aliyekwisha kustaafu, wakacheza poka. Walitualika ili tusikae peke yetu katika baridi ile, nasi tukaenda.

Kwa wasioufahamu mchezo huo, tueleze kwa ufupi. Katika namna waliyoicheza wazee wale, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza, kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Katika kila hatua watu huweka dau: mwenye mashaka hutupa karata zake na kujitoa, mwenye matumaini hufuata, na mwenye nguvu, au mwenye ujasiri wa kujifanya ana nguvu, hupandisha. Anayebaki peke yake, au mwenye karata bora mwishoni, huchukua fungu lote. Kwa hiyo poka si bahati tupu kama kurusha dadu. Ina hesabu, ina subira, na ina kusoma nyuso za watu. Hapo ndipo mtego wake ulipo, kwa maana mshindi anayo sababu ya kujisifu hata siku ile ambayo ameshinda kwa bahati tu.

Nyumbani kwa mzee yule kanuni zilikuwa tatu. Kila mtu aliingia na dola 20, si zaidi. Aliyeishiwa hakukopeshwa, aliinuka akawapikia wenzake kahawa. Kanuni ya tatu ilikuwa ya mzee mwenyewe, nayo ilituchekesha. Kabla karata ya kwanza haijagawiwa, aliitazama saa ya ukutani akatangaza: "Mimi nainuka saa nne." Na ilipotimia saa nne aliinuka, awe amepata au amekosa. Usiku mmoja tulimwona ana rundo la sarafu za plastiki ambalo hakuwa amepata kuwa nalo mwaka mzima, na karata zilikuwa zikimjia kana kwamba zinamjua jina. Saa ikatimia. Akaumaliza mchezo uliokuwa mezani, akahesabu sarafu zake, akatuaga, akaenda kulala. Tulidhani ni tabia ya uzee.

Mwezi wa Januari mwenyeji wetu alilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, na mchezo ukahamia nyumbani kwa mwingine. Huko hapakuwa na saa ukutani, wala hapakuwa na kanuni ya kahawa. Aliyeishiwa aliweza kuingia tena kwa fedha nyingine, mara nyingi kadiri alivyotaka. Usiku huo, katika mfuko wa ndani wa koti letu, ilikuwamo bahasha yenye dola 300. Zilikuwa akiba ya miezi minne kutoka katika posho yetu, karo ya mtoto wa dada yetu aliyekuwa akiingia kidato cha tatu katika shule ya bweni. Tulikusudia kuzituma asubuhi.

Tulianza na dola 20 kama kawaida. Mnamo saa tatu na nusu tulipewa wafalme wawili, na mfalme wa kopa akafunuliwa mezani; watu wawili walitufuata mpaka mwisho. Ilipofika saa nne tulikuwa na dola 190 mbele yetu. Tuliitazama saa ya mkononi, tukamkumbuka mzee aliyelazwa. Kisha tukajiambia maneno matatu, moja baada ya jingine. La kwanza: "Leo bahati iko upande wetu." La pili: "Hata tukipoteza, hizi ni fedha zao." La tatu: "Si vyema kuondoka na fedha za watu mapema namna hii." Tukabaki.

Saa sita tulikuwa na dola 40. Saa saba hatukuwa na kitu, na mkono wetu ukaingia katika koti. Tulijiapiza kwamba tukizirudisha zile 190 tu, papo hapo tutainuka. Saa tisa usiku tulitoka nje katika theluji, na bahasha ilikuwa imebaki na dola 60.

Mtoto yule alichelewa shuleni kwa wiki tano. Dada yetu aliuza mbuzi wawili, nao walikuwa mbuzi wa pekee aliokuwa nao. Sisi tulimwandikia kwamba fedha zimekwama benki. Uongo huo umetuuma kuliko dola zenyewe, kwa sababu aliuamini, akatuma salamu kwamba anatuombea tusihangaike.

Tulipokwenda hospitalini kumtazama mzee tulimweleza yote. Hakutukemea. Aliuliza neno moja tu: "Padre, ulipoketi, ulisema utainuka saa ngapi?" Tukanyamaza. Akasema: "Basi saa hukuwa nayo. Usiku wa manane ungeipata wapi?"

Ndugu msomaji, tangu siku ile tumeyapima mara nyingi yale maneno matatu tuliyojiambia, kwa kuwa tunaamini kila mtu anayeshinda huyasema, kwa lugha yoyote.

Tuanze na bahati. Karata ni 52, na zikichanganywa hazikumbuki lolote. Uwezekano wa kupewa wafalme wawili ni mara moja katika 221, nao ni uleule katika mchezo wa kwanza na baada ya kushinda michezo kumi mfululizo. Bahati haikuwa imekaa upande wetu. Ilikuwa imepita tu. Lakini tuseme kweli yote, maana kuna wanaoigeuza kweli hii na kudai kwamba mtu akishinda aondoke upesi kwa sababu bahati imekaribia kwisha. Hilo nalo si sahihi. Karata hazina deni la kulipa. Wachezaji wa poka walio makini husema kwamba kuwa mbele, peke yake, si sababu ya kubaki wala si sababu ya kuondoka. Wanachotazama ni mambo mengine: je, bado nina akili timamu au nimechoka? Waliobaki mezani ni wanyonge wangu au ni mabingwa? Bado natupa karata mbaya, au nimeanza kucheza kila karata kwa kuwa najiona siwezi kushindwa? Usiku ule karata zetu hazikubadilika baada ya saa nne. Tuliobadilika ni sisi.

Neno la pili ni lile la "fedha zao." Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Thaler na Eric Johnson, walitoa utafiti uliolieleza jambo hili vizuri. Waliona kwamba mtu aliyetoka kupata faida huwa mwepesi kuihatarisha, kana kwamba bado ni mali ya mwenye mchezo na hajaipokea kuwa yake. Waliona vilevile kwamba mtu aliyekwisha kupoteza huvutwa sana na dau linalomwahidi kurudi pale alipoanzia. Tuliposoma habari hizo tulijiona kama katika kioo. Saa nne tulisema si fedha zetu. Saa saba, zilipokwisha, zikawa zetu ghafla, tukazifuata kwa fedha za karo. Kumbe zilikuwa zetu tangu zilipovutwa kuja upande wetu wa meza. Dola 190, pamoja na zile za bahasha, zingalilipa karo, zikanunua sare, na nauli ingalibaki.

Neno la tatu ndilo lenye sura ya wema, na kwa hiyo ndilo la hatari kuliko yote. Ni kweli kwamba watu waliopoteza huchukizwa na mshindi anayebeba na kutoweka, hasa mezani kwa marafiki. Lakini dawa ya haya hiyo ilikuwa ikitolewa kila Alhamisi mbele ya macho yetu. Aliyetangaza saa yake kabla karata hazijagawiwa, wakati hakuna ajuaye nani atapata, hamwibii mtu akiondoka. Amewaheshimu wenzake kwa kuwapa taarifa, na ameiheshimu ahadi yake. Anayeitafuta saa baada ya kushinda atatafuta bure, kwa sababu yule anayeitafuta sasa si yule aliyeketi. Aliyeketi alikuwa na akili ya mtu mwenye dola 20. Huyu ana akili ya mtu mwenye 190 anayeziwaza 400.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya wanagenzi kama sisi. La hasha. Archie Karas, Mgiriki aliyehamia Marekani, alifika Las Vegas mwezi wa Desemba 1992 akiwa, kama inavyosimuliwa, na dola 50 tu. Alikopa dola 10,000, akacheza poka na biliadi, akawashinda mabingwa wengi wa zama zile, mpaka wakawa wachache mno waliokubali kuketi naye. Tutafakari hapo kidogo. Mchezo aliokuwa hodari ndani yake ulikuwa umekwisha. Viti vilikuwa vitupu. Ni ishara gani nyingine ya kuinuka aliihitaji? Lakini alihamia kwenye dadu, ambako ustadi haumshindi mwenye kasino, na huko nako akapata, hata mwanzoni mwa mwaka 1995 alikuwa na zaidi ya dola milioni 40. Kisha, kwa muda wa wiki tatu hivi, milioni 30 zikaondoka, kwa dadu, kwa bakara na kwa poka. Alikwenda kwao Ugiriki kupumzika akiwa bado na mamilioni yaliyomtosha yeye na ukoo wake. Akarudi Las Vegas, na katika muda usiotimia mwezi karibu zote zikaisha. Alifariki mwaka 2024.

Andy Beal, mwenye benki wa mji wa Dallas, alikuwa mtu wa namna nyingine, mwenye hesabu na nidhamu. Mwezi wa Februari 2006 alicheza Las Vegas dhidi ya kundi la mabingwa waliokuwa wamechanga fedha zao pamoja. Katikati ya mwezi huo, katika safari moja, aliwashinda zaidi ya dola milioni 13. Akafanya lililo sawa: akainuka, akarudi Texas. Lakini kabla juma halijaisha alikuwa njiani tena, na kwa siku tatu bingwa mmoja wa kundi lile, Phil Ivey, alimshinda zaidi ya dola milioni 16. Kumbe kuinuka kwa usiku mmoja hakutoshi. Mtu aweza kutoka katika chumba, moyo wake ukabaki umeketi palepale, ukihesabu siku za kurudi.

Kuna jambo jingine tulilosimuliwa na wazee wa Illinois, nalo limetufundisha sana. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1990 iliruhusu kasino ndani ya meli za mitoni, na meli za kwanza zilianza kazi mwaka 1991. Mwanzoni meli zilipaswa kung'oa nanga na kusafiri. Safari ikiisha, zilirudi gatini. Wahenga wetu wa pwani walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mshindi na mshindwa wote walirudishwa gatini, wakapata nafasi ya kukanyaga ardhi na kuvuta pumzi. Katika jimbo jirani la Iowa, sheria ya mwanzo ilikwenda mbali zaidi: dau lisizidi dola 5, na mtu asipoteze zaidi ya dola 200 katika safari moja. Mipaka hiyo ya Iowa iliondolewa mwaka 1994, na mwaka 1999 Illinois nayo iliziruhusu meli zake zibaki zimefungwa gatini. Tangu hapo hakuna marejeo yanayokatiza mchezo. Kila mtu lazima awe nahodha wake mwenyewe.

Na hapa kwetu, wapendwa, vijana wetu wengi wanabeba meza ya dau katika simu zao. Hatuna haja ya kusema mengi. Meza hiyo haina saa ukutani, haina gati, wala haina mzee wa kutangaza saa nne. Anayeshinda usiku wa manane akiwa kitandani hana hata kiti cha kuinukia. Ndiyo sababu saa yake lazima aiweke mapema zaidi kuliko sisi tuliokuwa jikoni.

Sasa, mama, tunarudi kwako, na utusamehe kwa kukuachia maneno mepesi pale mlangoni.

Katekisimu ya Kanisa, katika namba 2413, haisemi kwamba mchezo wa bahati au dau ni uovu kwa asili yake. Inafundisha kwamba hauvumiliki pale unapomnyima mtu yaliyo ya lazima kwa mahitaji yake na ya wengine, na inaonya kwamba uchu wa mchezo waweza kuwa utumwa. Kwa kipimo hicho, dola 20 za Alhamisi zilikuwa burudani ya wazee. Bahasha yetu ilikuwa kitu kingine kabisa, na ilikuwa hivyo tangu tulipoingia nayo mlangoni.

Mwanao atakapopiga simu, usimgombeze. Ukimgombeza atakuficha, nasi tunajua jinsi ilivyo rahisi kumwandikia mpendwa aliye mbali kwamba fedha zimekwama benki. Mshukuru kwa mabati. Kisha muulize mambo matatu. La kwanza: usiku ule uliposhinda, uliinuka saa ngapi, na saa hiyo uliipanga lini? Akikuambia aliipanga kabla ya kuketi, una mtoto mwenye kiasi. Akikuambia aliinuka kwa sababu kasino ilikuwa imechosha au rafiki alimvuta, basi hakuinuka yeye, aliinuliwa. La pili: mfukoni ulikuwa na fedha gani nyingine? Za kodi ya nyumba? Za kutuma nyumbani? Anayekwenda kucheza aende na kile alichokwisha kukihesabu kuwa kimetumika, nyingine aziache mahali ambapo mkono haufiki saa saba ya usiku. La tatu: Ijumaa unarudi kwa sababu gani? Kama ni kukutana na wenzake, na dau ni lilelile la zamani, sawa. Kama ni kwa sababu alishinda, na dau limepanda, basi ile dola 1,100 bado iko mezani, ijapokuwa mabati yamekwisha kupigwa misumari.

Wewe mwenyewe uliuliza mtu anayeshinda atajuaje kwamba sasa basi. Kwa yaliyotupata, tunakujibu kwamba akiwa anashinda hatajua. Ajue kabla, amwambie mtu wa pili kwa sauti, ili saa ikitimia pawe na anayemngojea. Huenda mtu huyo ukawa wewe. Mwambie: "Mwanangu, Ijumaa nitakungojea kwa simu saa fulani." Huenda ikawa alfajiri huku kwetu, tunajua. Lakini wewe ni mama. Umekwisha kukesha kwa madogo kuliko hayo.

Mzee wetu wa reli alitoka hospitalini mwezi wa Machi. Alhamisi ya kwanza aliketi kitini pake, dhaifu, akiwa na blanketi magotini, akaitazama saa ya ukutani akatangaza saa nne. Kisha, kabla hajagawa, akatugeukia na kungoja. Nasi, kwa mara ya kwanza, tukasema yetu.

Tunawatakia nyote juma jema lenye kiasi.